Kusomea kazi ya kutunza pwani: Mbegani, chuo kikuu, au mafunzo ya ufukweni?

Mpwa wangu wa Tongoni, hapa Tanga, amemaliza kidato cha nne, pasi zake za sayansi anazo, na anataka kazi ya bahari. Si kuvua. Anataka kuwa miongoni mwa "wale wanaokuja na boti ya hifadhi". Wiki hiyohiyo katibu mmoja wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, huko Mkinga, mtu wa makamo aliyekulia kwenye ngalawa, kaniuliza kama kuna faida yoyote yeye kurudi darasani sasa hivi. Wote wawili niliwajibu nusunusu, nikajiona sikuwatendea haki. Ndiyo sababu ya kukaa na kuandika haya.

Mimi nimebeba kamba za kupimia miamba, nimeandika mihutasari ya vikao vya vijiji, nimekuwa mkalimani baina ya wataalamu na wavuvi ingawa wote walikuwa wakizungumza Kiswahili. Nimefanya kazi na waliopita njia zote tatu nitakazozilinganisha hapa.

Ya kwanza ni cheti au stashahada ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambao kampasi yake ya Mbegani iko kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Ya pili ni shahada: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sayansi za bahari na uvuvi, au vyuo kama Ardhi na Sokoine kwa walioelekea mazingira kwa upana wake. Ya tatu ni mafunzo ya ufukweni, yaani kozi fupi, doria za BMU, na kujifunza kazini chini ya mtu anayeijua pwani.

Vigezo vyangu ni vitano: kuingia na gharama, unachoshika kwa mikono, sheria na karatasi, ajira, na cha mwisho, nani atakusikiliza ukifika kijijini. Hicho cha mwisho hukikuti kwenye mwongozo wowote wa udahili, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi.

Pwani yenyewe inataka nini

Atakayesomea kazi hii ajue anaingia mahali penye historia. Tanga ilisifika vibaya kwa uvuvi wa baruti. Kati ya 1994 na 2007 kulikuwa na programu ya hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, na fedha za serikali ya Ireland, na humo ndimo vijiji vilipokaa pamoja kupanga maeneo ya usimamizi shirikishi, wavuvi wakafundishwa kupima hali ya miamba wenyewe. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki wa kale wa kilindini, kilomita za mraba 552, kutoka mlango wa mto Pangani hadi kaskazini ya jiji. Na sasa lipo bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba.

Kwa hiyo anayehitajika leo si yule wa kukamata nyavu haramu peke yake. Anahitajika wa kusoma ripoti ya athari za gati, wa kuhesabu mazalia ya kasa, wa kusuluhisha wenye dema (mitego) na wenye juya (nyavu za kukokota), na wa kumweleza diwani kwa nini ufuo unaliwa. Sijapata kumwona mtu mmoja anayeyaweza yote hayo.

Kuingia, muda na fedha

Mbegani mlango ni mpana. Ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini, unakuwezesha kuanza ngazi ya chini ya cheti. Mwaka wa kwanza ukiisha una kitu mkononi, na ukiendelea hadi stashahada ni miaka mitatu. Mwanafunzi akikwama fedha katikati, hatoki mikono mitupu, na kwa familia zetu za Sahare na Kigombe hilo si jambo dogo.

Shahada inataka kidato cha sita chenye alama kuu mbili za masomo yanayotakiwa, au stashahada yenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 kwa kawaida. Miaka ni mitatu, na ukiongeza ile miwili ya kidato cha tano na sita, mtoto anamaliza wenzake wa Mbegani wameshaanza kulalamikia mishahara. Kwa upande mwingine, mikopo ya Bodi imezoeleka zaidi huku kuliko ngazi za cheti, na kuna wazazi ambao bila mkopo wasingethubutu.

Mafunzo ya ufukweni hayadai cheti cha shule wala ada. Mara nyingi unalipwa wewe, posho. Lakini muda wake hauna mwisho unaojulikana, na hakuna anayekupa ratiba. Kuna mtu kahudhuria semina za siku tano kwa miaka kumi na mitano, ana bahasha ya vyeti vya ushiriki nene kama msahafu, na bado hakuna anayemwita mtaalamu.

Unachoshika kwa mikono

Hapa Mbegani inajisimamia yenyewe. Chuo kimekaa ufukweni, mikoko iko pembeni, na ni mahali palipojengwa tangu zamani kwa ajili ya uvuvi, kwa msaada wa Norwei. Kijana akitoka pale anajua kushona wavu, kuendesha boti, kufungua injini iliyogoma, kutambua samaki aliyeharibika kwa kumfunua shavu. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka uwe katikati ya maji na afisa mwenye shahada anayeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Na swali hili mzazi aliulize chuo chochote: mnafundisha kuogelea? Nimekutana na wasimamizi wa bahari wasiojua kuogelea, zaidi ya mmoja.

Chuo kikuu hukufundisha kuuliza swali na kulijibu kwa namba. Kuchora mistari ya kupimia, kuchagua sampuli, kujua kama upungufu wa samaki aina ya changu uliouona ni wa kweli au ni wa bahati mbaya ya siku ile. Joto la bahari la 1998 lilipofanya matumbawe kuwa meupe pwani yote hii, wavuvi waliona mwamba "umepauka", ila kueleza kwamba chanzo ni joto na si sumu wala baruti kulihitaji watu wa namna hii. Udhaifu wake ni kwamba wiki za uwandani ni chache, na vifaa hugombaniwa na wanafunzi wengi.

Kuhusu ufukwe nina kisa. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja ulikuja kupanda mikoko kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, karibu na kwetu. Wataalamu walikuwa na ramani nzuri, wanafunzi wa shule wakaletwa kwa lori, fulana zikagawiwa, na miche ya mkoko, ile mirefu kama vijiti, ikachomekwa kwa mistari iliyonyooka kwenye tope la mbele kabisa, linalotazama bahari. Mzee mmoja mvuvi alisimama juu ya mtumbwi wake uliolala, akatazama, akasema, "Hapo ni pa mlilana. Mkoko hapo maji yatamlala." Nilimsikia. Nilikuwa nimeshika daftari la mahudhurio, sikusema kitu.

Mzee alikuwa anasema jambo ambalo liko hata vitabuni. Mlilana, aina nyingine ya miti ya mikoko, ndio unaokaa mstari wa mbele, unaostahimili kufunikwa na maji kwa muda mrefu. Nyuma yake mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na mchu ukajipenyeza hadi kule juu kwenye mchanga wa chumvi. Ukichomeka mkoko mahali pa mlilana, maji yanaufunika muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili, na mawimbi yanamaliza iliyobaki. Kusi lilipokwisha tulikwenda kuhesabu. Mistari ilikuwa bado inaonekana, kwa sababu ya vijiti vya alama.

Lakini nisimfanye mzee yule mjuzi wa kila kitu. Ukimuuliza ipandwe miche mingapi kwa eka, au hori lile limepoteza mikoko kiasi gani tangu utoto wake, hana jibu unaloweza kulipeleka halmashauri. Na wapo wazee watakaokuapia kwamba pweza hawezi kumalizika baharini, anapungua tu kwa sababu ya dhambi za watu.

Sheria na karatasi

Chukua hori moja tu la Tanga. Mikoko yake ni msitu wa hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Samaki wanaoingia humo wako chini ya Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya 2003, inayosimamiwa na maafisa wa halmashauri pamoja na BMU. Kama hori limo ndani ya mpaka wa hifadhi ya bahari, kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 na kitengo chake. Mtu akitaka kujenga gati au hoteli mdomoni mwa hori, inaingia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kijiji nacho kina sheria zake ndogo. Mwanamke anayekata kuni, mvuvi wa kamba na mwekezaji wanasimama kwenye tope lilelile, kila mmoja anajibu kwa ofisi tofauti.

Mhitimu wa shahada ndiye aliyefunzwa kuiona picha hii nzima, na ndiye anayeweza, baada ya kusajiliwa, kutia saini yake kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti ya kurasa mia tatu ikiletwa kijijini ikisema mwamba fulani "hauna umuhimu mkubwa", atakayeifungua kwenye jedwali la nyuma na kuonyesha kwamba walipima siku mbili tu ni huyu.

Wa Mbegani anaijua sheria ya uvuvi kwa vifungu, hasa ile anayoitumia kila siku: matundu ya nyavu, leseni, pweza wa chini ya nusu kilo asiuzwe. Akivuka kwenda misitu au ujenzi, anaanza kupapasa.

Wa ufukweni anazijua sheria kwa namna ya tatu. Anajua ipi inatekelezwa na ipi imelala, na nani akikamatwa ataachiwa jioni. Elimu hiyo haiandikwi, ila doria inayoikosa hurudi tupu.

Ajira

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na kila mtu anajua foleni yake ilivyo. Shahada inakupa cheo cha afisa, na mlango wa utafiti, mashirika, kampuni za ushauri na miradi mikubwa kama ya Chongoleani na bandari. Stashahada inakupa uafisa msaidizi, kazi za hifadhi, mashamba ya viumbe maji, viwanda vya samaki. Mwenye stashahada ana faida moja isiyosemwa: asipoajiriwa anaweza kujiajiri, akafuga majongoo bahari au kaa, akanunua na kuchakata samaki. Mwenye shahada asipoajiriwa mara nyingi husubiri.

Mafunzo ya ufukweni hayana mshahara. BMU ni kujitolea, na kiposho cha doria hakilipi hata karo ya mtoto mmoja. Ila miradi ikija, wa kwanza kutafutwa ni hao.

Nani atakusikiliza

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, hapa kwetu hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Mwamba unatoka nje, wanawake wanashuka na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, na kwa saa mbili au tatu pwani nzima inasomeka kama ukurasa. Saa nne asubuhi ndiyo pia saa ya chai kwenye warsha. Nimekaa kwenye ukumbi wa hoteli siku tano mfululizo za bamvua, tukifundishwa mfumo ikolojia wa mwambao kwa picha za ukutani, huku mwamba wenyewe uko wazi mita mia mbili kutoka kwenye sambusa zetu. Hakuna aliyeshuka. Wakufunzi walikuwa wenye ujuzi, sikatai, ila wa Tanga kunani: waja leo, waondoka leo.

Siku nyingine, kijiji kimoja kusini ya jiji, kilikuwapo kikao cha kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu. Hoja yenyewe ni nzuri. Pweza hukua kwa kasi na haishi sana zaidi ya mwaka, hivyo ukimwachia muda mfupi tu unamkuta mzito. Binti mwenye shahada alieleza kwa grafu. Ilikuwa grafu sahihi. Kimya. Kisha bibi mmoja aliyekaa chini ya mkungu, kijiti chake kikiwa bado kimelowa, akauliza:

"Mwanangu, na mie miezi hiyo mitatu nile nini?"

Binti akajibu kwa asilimia. Bibi akaitikia "haya", ile haya ya mtu aliyekwisha ondoka moyoni.

Aliyeokoa kikao alikuwa mjumbe wa BMU, hakumaliza hata darasa la saba. "Bibi, hatufungi mwamba wote. Kuanzia kule kwenye mnara wa boya hadi mdomoni ndiko tunakofunga. Huku kwenye vichaka vya mwani mwaenda kama kawaida yenu." Kelele zikaanza, kelele nzuri, watu wakibishana mpaka upite wapi. Lakini ilipofika kuuandika mpaka huo uwe sheria ndogo itakayokubaliwa na halmashauri, mjumbe akanyamaza, na kijana wa Mbegani ndiye aliyechukua kalamu. Na mwamba ulipofunguliwa, wanunuzi wakadai pweza hawakuongezeka uzito, namba za yule binti ndizo zilizowafunga mdomo, kwa sababu alikuwa amepima kabla ya kufunga na si baada tu.

Kwa hiyo nikiulizwa nani husikilizwa, najibu: wa shahada husikilizwa mkoani na wizarani, wa Mbegani husikilizwa forodhani na halmashauri, wa ufukweni husikilizwa chini ya mkungu. Anayetaka kuvuka ukuta wake hulazimika kulipa kwa muda. Binti yule sasa akija kijijini hulala, haondoki na gari la jioni. Bibi wa pweza humwita kwa jina la nyumbani.

Njia ya pembeni, kwa walio kazini

Kwa wanaofanya kazi kwenye hifadhi za bahari tayari, upo mpango wa kuthibitisha wataalamu unaoitwa WIO-COMPAS, ulioanza 2008 kwa ushirikiano wa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi ya Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, na Chuo Kikuu cha Rhode Island cha Marekani. Tofauti yake na kozi ni kwamba haukufundishi upya, unapima unachokijua kwa kazi uliyokwisha fanya. Una ngazi tatu: shughuli za uwandani, usimamizi wa eneo, na sera na mipango. Askari wa doria mwenye uzoefu anapimwa kama askari wa doria, halinganishwi na mkurugenzi. Unamfaa mtu ambaye mikono yake imeizidi karatasi yake.

Ukiwa katika hali hii

Umemaliza kidato cha nne, fedha ni za kuungaunga, na unataka kuwa majini zaidi ya mezani: anza Mbegani, na ulinde GPA yako tangu muhula wa kwanza ili mlango wa shahada usijifunge nyuma yako. Wapo waliopita hivyo, na hawakuchelewa kama watu wanavyodhani.

Umemaliza kidato cha sita vizuri, unapenda namba na maandishi, na jambo la Chongoleani linakuumiza kichwa: nenda shahada. Likizo zako usizitumie Dar. Omba kukaa na BMU yoyote, hata kwa kupika chai ya doria. Ukitaka kuendelea na uzamili baadaye, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1978, ipo ng'ambo tu ya maji.

Uko ndani ya kijiji, una familia na chombo chako: usiuze chombo kwa ajili ya darasa. Chagua kozi fupi kwa kuangalia jambo moja, kama ratiba yake ina siku za kushuka majini. Katibu wangu wa Mkinga nimemshauri aachane na habari ya cheti, ajifunze kuandika takwimu za mavuno kwa utaratibu uleule kila mwezi. Miaka miwili ya daftari hilo halmashauri haitaweza kulipita kando.

Wewe ni mkuu wa idara na una nafasi ya kumpeleka mtumishi mmoja masomoni: tazama kwanza ofisi yako imepungukiwa na nani. Kama una maafisa watatu wenye shahada na boti moja isiyo na wa kuiendesha, jibu unalo.

Na kama hujui bado kama bahari ni kazi yako au ni hamu tu ya boti, usilipe ada ya popote kwanza. Mpwa wangu ameshachukua fomu ya Mbegani, ila hajaijaza. Jumamosi hii ni bamvua. Nimemwambia aje na viatu vya kutupa, avae nguo asizozionea huruma, tushuke pamoja na bibi wa pweza saa tatu na nusu, maji yakiwa bado yanatoka. Kaniuliza, "Mjomba, tutarudi saa ngapi?" Nikamwambia amuulize bibi.